Mpaka Mbinguni, Chema Oñate

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilikupita, nakupa kwa kifupi. Mimi ni Ledis Arzuaga, muitikiaji wa nyimbo za watu wengine, mwanafunzi wa masomo ya jioni, mama wa Keila wa mwaka mmoja na miezi miwili. Baba yangu, Toño Arzuaga, aliuawa kijijini kwetu Loma Fresca nikiwa na miaka minne. Mama akamfuata kabla sijajua kusoma. Walichoniachia ni wimbo mmoja, "Jiko la Eneida", ambao baba alimtungia mama. Na mwaka huu Renata Salcedo, huyo huyo mnayemsikia kila redio, akauchagua wimbo ule uwe wa saba kwenye albamu yake mpya.

Niliwaacha Ijumaa asubuhi. Wimbo umetoka, nami nakimbia kuelekea mtaa wa Rebolo, mtoto kiunoni, simu mkononi, kwenda kumsikilizisha mtu mmoja. Nilidhani nimebeba furaha.

Mtu huyo ni Padrino wangu, aliyenisimamia ubatizo na kunilea baada ya wazazi. Alikuwa mpiga ngoma wa baba. Siku hizi anatengeneza kodiani kwenye karakana ya chumba kimoja, nyuma ya soko la samaki, na mtaa mzima unamwita don Hernán.

"Umechelewa," aliniambia. "Kahawa imepoa mara mbili."

"Kaa chini, Padrino. Na ushike kitu."

"Nishike nini, nami nimeshika gundi?"

Keila alipomwona akaanza kurusha miguu. Wana mchezo wao. Padrino hujificha nyuma ya pazia linalotenga karakana na kitanda chake, mtoto hulivuta pazia na kupiga kelele, "Nino," yaani Padrino. Mimi kazi yangu ni kufumba macho mpaka pazia lifunguke. Keila ana maneno mawili tu duniani. La kwanza ni maziwa. La pili ni hilo.

Lakini siku ile nilisema mchezo usubiri. Nikabonyeza simu.

Renata aliimba taratibu, kama mtu anayeingia jikoni kwa wenyewe. Padrino akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kugonga gotini. Ubeti wa pili chozi likamshuka, akaliacha lishuke. Kisha sisi waitikiaji kwenye wimbo tukanyamaza, kodiani ikachukua nafasi, na juu yake Renata akasema:

"Na salamu zimfikie Chema Oñate, mkono wa dhahabu wa Loma Fresca, anayetibu kodiani Rebolo, nyuma ya soko la samaki."

Vidole vikasimama.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nilidhani amependa. Nikarudisha. Akasikiliza tena, neno kwa neno.

"Jina hilo amepewa na nani?"

"Mimi, Padrino. Ni zawadi yako."

"Na mahali?"

"Mimi."

Akainuka, akafunga mlango wa karakana kwa komeo. Ilikuwa saa nne asubuhi, na tangu nimjue hajawahi kufunga mlango ule kabla ya jua kuzama.

Nisije nikajitetea sana, lakini niwaambie ilivyokuwa.

Albamu ya Renata inaitwa Walionilea. Nyimbo kumi na mbili, hata mmoja si wake. Upo ambao bibi yake aliuvumisha akimenya mihogo, upo ambao mama yake aliuimba akipiga pasi. Wa baba alikuwa akiusikia kwenye basi la shule, kutoka kaseti iliyochakaa ya dereva. Kwenye kaseti hiyo, katikati ya wimbo, baba anasema, "Gonga, Chema."

"Huyu Chema ni nani?" Renata aliniuliza studio. "Yupo bado?"

"Yupo."

"Basi nimsalimie. Wimbo wa kwetu usiosalimia mtu ni mchuzi bila chumvi. Niandikie jina na anakopatikana. Salamu bila mahali ni barua bila anwani."

Akanipa karatasi na kalamu.

Nilijua Padrino ana jina jingine. Nilipokuwa na miaka tisa aliniambia, "Jina la Chema tumeliacha kijijini. Usilitaje." Nikatii miaka kumi na mitano. Lakini wanamgambo walisalimisha bunduki, mikataba ikatiwa saini, nasi tumeisoma yote darasani jioni, nami nilifaulu vizuri mtihani ule. Nikaona woga wake umebaki mazoea tu, kama wazee wasiooga baada ya kula. Nikasema, mtu asife bila kusikia jina lake redioni.

Nikaandika. Kwa herufi nzuri.

"Kaa, mwanangu," Padrino aliniambia baada ya kufunga mlango. "Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa mdogo, sikukwambia. Ulipofika ishirini nikaona unalala vizuri. Nikakuacha ulale."

Nikakaa. Keila alikuwa sakafuni akichezea vitufe vya zamani.

"Siku ya kuuawa baba yako nilikuwa jikoni kwa mama yako, nyuma ya tanuri la udongo, nawasha sigara. Wakaingia wamefunika nyuso. Lilikuwa joto la kuoka mikate. Mmoja alishindwa, akafunua uso kujifuta jasho. Dakika moja tu. Nikamwona."

"Nani?"

"Evelio Rangel. Baba yako alimwimbia kwenye harusi yake."

"Rangel yule wa mabango? Anayegombea umeya kule?"

"Huyo. Uchaguzi ni wiki tatu zijazo. Wenzake walipoweka silaha chini waliungama, wakataja waliokufa na waliofungwa. Yeye hakutajwa na mtu. Aliyemwona uso na bado anapumua ni mmoja."

"Mbona hawakukutafuta?"

"Kwa sababu nimekufa." Alisema kama anayetaja umri wake. "Walijua nimemwona, wakachoma nyumba yangu. Ndani kulikuwa na mlevi mmoja mpita njia, nilimpa mahali pa kulala. Walipokuta mifupa wakasema ni mimi. Kuna msalaba Loma Fresca wenye jina langu. Dada yangu huuwekea maua kila Novemba, na yule mlevi sijui alishawahi kupewa ua na mwanamke akiwa hai."

Sikucheka. Yeye alijaribu, ikamshinda.

"Miaka ishirini nimekuwa maiti, Ledis. Ni kazi nzuri, haina bosi. Leo saa moja asubuhi umenifufua, ukawapa na anwani."

Nikauliza swali la kijinga, maana mdomo ulitaka kufanya kitu. Nikauliza kodiani ya baba ilikwenda wapi.

"Waliichukua. Nyekundu, jina TOÑO kifuani kwa herufi nyeupe. Kitufe cha tatu kilikuwa kinakoroma kama chura. Nilimwahidi nitakitengeneza Jumapili. Ilikuwa Alhamisi."

Mlango ukagongwa. 

"Don Hernán, fungua." Alikuwa Maryoris, anayekaanga arepa za unga wa mahindi na mayai pale kona. "Au nikuite Chema? Redio imekutaja mzee. Jina tamu hivyo umelificha, ulikuwa unawakimbia wanawake wangapi?"

"Watatu," Padrino akajibu kupitia mlango, kwa sauti yake ya kila siku. "Na ukiendelea kunipigia kelele mtakuwa wanne."

"Wewe hunimudu."

"Ndiyo maana nimefunga mlango."

Maryoris akaondoka akicheka. Padrino alikuwa tayari amepiga magoti, anavuta begi kutoka chini ya kitanda.

"Basi la Maicao, mpakani, ni saa nane mchana," alisema.

Mimi ni mtu wa matumaini, ndugu msomaji. Walimu wangu wa jioni wanalisifia hilo. Nikiona mlango umefungwa natafuta dirisha, na siku ile nililipata, au niliona nimelipata.

"Padrino, kwetu hatusalimii walio hai tu. Tunasalimia na waliokufa. Tunasema mpaka mbinguni."

Akaniangalia.

"Salamu ikibadilika ikawa ya mbinguni, umekufa tena. Mahali panafutwa. Asubuhi walikosea, mchana wakasahihisha. Basi."

"Na walioisikia asubuhi?"

"Nani anakaa na salamu kichwani? Watu wanasikia kodiani."

Akaacha kukunja shati. Nikampigia Renata.

"Mpenzi, umesikia?" alisema. Alikuwa Miami, nyuma yake sauti za uwanja wa ndege. "Wimbo wa baba yako ndio unaowaliza watu."

Nikamweleza. Sikumwambia jina la Rangel. Nilimwambia kuna mtu atauawa. 

"Ledis, mimi nilitaka majina yao yatajwe kwa sauti. Hiyo ndiyo albamu nzima. Watu walionilea wamekufa bila kutajwa."

"Najua, doña Renata. Ila hili likitajwa linaua."

"Na kumwita maiti mtu aliye hai ni mkosi. Bibi yangu angenizaba kofi."

"Mkosi tunao tayari. Tunaubadilisha nguo tu."

Akavuta pumzi. "Ndege yangu inaondoka sasa hivi, siwezi kuingia studio. Lakini sauti ya mfano, ile niliyojifunzia wimbo, uliimba wewe, na watu walitufananisha. Nenda ukaseme wewe. Nawapigia waweke mpya leo leo."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya kipaza sauti, Keila mgongoni.

"Weka furaha kidogo," fundi mitambo aliniambia kutoka nyuma ya kioo. "Ni salamu, dada. Unasema kama unasoma tangazo la msiba."

"Ni salamu ya marehemu."

"Hata hivyo. Tabasamu. Tabasamu linasikika."

Nikatabasamu. "Na mpaka mbinguni, Chema Oñate, mkono wa dhahabu wa Loma Fresca."

Niliirudia mara nne. Mara ya nne nilimzika vizuri.

Saa tisa alasiri wimbo mpya ulikuwa umechukua nafasi ya ule wa asubuhi. Basi la Maicao lilikuwa limeondoka bila Padrino, kwa sababu kabla ya kwenda studio nilimshika mkono nikamwambia, kaa. Nakuomba. Nikifeli utaondoka. Na niliporudi nikamwonyesha simu, nikamwambia sasa huna sababu ya kwenda kufia ugenini, Keila atamvutia nani pazia.

Akamtazama mtoto, akatazama begi.

"Mpaka Jumanne," alisema. "Tuone upepo."

Hilo ndilo kosa langu la pili, na la kwanza nililifanya kwa upendo pia.

Jumamosi ilipita vizuri. Padrino alirudi mezani kubandika ngozi za kodiani ya mteja, nami nikaanza kuamini kuwa nimefanya jambo la akili.

Jumapili adhuhuri Maryoris alikuwa amefungulia redio kwa sauti kubwa pale kona. Mtangazaji alikuwa anacheka.

"Wasikilizaji, sikieni hii." Akapiga salamu ya Ijumaa asubuhi. Kuna mtu alikuwa ameihifadhi. Kisha akapiga ya mchana. "Asubuhi yuko Rebolo anatibu kodiani. Mchana yuko mbinguni. Nani amemuua Chema kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana? Anayemjua apige simu."

Wakapiga. Mmoja alisema ni mbinu ya kuuza albamu. Mwingine alisema anamjua, Chema ni binamu yake, anamdai mbuzi. Watu wakacheka. Kisha ikaja sauti ya bibi, nyembamba, ya mtu asiyezoea simu.

"Napiga kutoka Loma Fresca," alisema. "Huyo ni ndugu yangu. Ninamwekea maua kila Novemba. Mimi sitaki kujua alipo. Kama yuko hai, aniambie tu nisipeleke tena maua."

Mtangazaji akaacha mzaha. Akaweka wimbo.

Padrino alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Alinyoosha mkono kuelekea simu yangu iliyokuwa mezani. Mkono ukafika, ukaigusa, ukakaa juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akaurudisha.

"Ni Dalgis," alisema. "Amezeeka sauti."

Usiku ule alimaliza kufunga begi. Nami sikumwambia akae.

Jumatatu asubuhi nilimkuta amekwisha kunyoa. Basi alilolitaka lilikuwa la kesho yake alfajiri, lisilosimama njiani. Nilifungua mlango nusu ili mtoto apate hewa, na Padrino akasema amalizie kodiani ya mteja, asije akasemwa kuwa alikufa na kazi ya mtu.

Alikuwa na brashi mkononi alipomwona mtu anavuka barabara amebeba sanduku la kodiani. Alimtazama kidogo tu. Akaweka brashi chini, akaenda nyuma ya pazia, na pazia likatulia kana kwamba halijawahi kuguswa.

"Habari za asubuhi, doña." Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu safi. Mtu ambaye ungemwomba akubebee mtoto ukitafuta ufunguo. "Mwenye karakana yupo?"

"Alifariki."

Akavua kofia. "Pole sana. Lini?"

"Zamani."

"Ajabu. Mimi nilisikia Ijumaa asubuhi alikuwa mzima, mchana akawa mbinguni. Vifo vya siku hizi vina haraka."

Niliinama nikamwokotea Keila kitufe kilichobingirika.

"Na kazi zake anafanya nani?"

"Mimi. Alinifundisha."

"Basi una mkono mwepesi." Akainama juu ya meza, akagusa brashi kwa ncha ya kidole. "Gundi bado mbichi, na wewe mikono mikavu."

Aliweka sanduku mezani, akalifungua bila haraka.

Kodiani ilikuwa nyekundu. Kifuani herufi zilikuwa zimekwanguliwa, lakini jua la miaka limefubaza rangi yote isipokuwa pale zilipokuwa. Herufi nne, nyekundu kuliko wekundu uliozizunguka. Nilizisoma. Mimi ni mtu wa masomo ya jioni, nasoma bila kusogeza midomo.

"Ni ya bosi wangu," alisema. "Ina ugonjwa wa zamani. Sikiliza."

Akavuta, akabonyeza kitufe cha tatu. Ikakoroma kama chura.

Nyuma ya pazia hapakutoka hata pumzi.

"Inatengenezeka?"

"Iache. Uje Ijumaa."

"Bosi amesema nisirudi bila jibu." Akavuta kigoda cha Padrino, akakaa, kofia gotini. "Nitasubiri. Leo sina kazi nyingine."

Akaibonyeza tena, polepole, huku anasikiliza chumba badala ya kodiani.

Ndipo Keila akainua kichwa kutoka kwenye vitufe vyake. Kwa mtoto yule, sauti ya kodiani maana yake ni mtu mmoja. Akasimama akishikilia mguu wa meza. Akapiga hatua, akayumba, akashika goti la mgeni, na mgeni akamdaka kwa upole asianguke.

"Twende, mrembo," alimwambia. "Twende, unaweza."

Nilisogea nimchukue. Mgeni akanyoosha mguu, akauweka katikati yetu, bado anatabasamu.

Keila akapiga hatua tatu mpaka kwenye pazia. Akalishika kwa ngumi zote mbili. Kisha akageuka kunitazama, anacheka tayari, kuona kama mama amefumba macho.

"Kuna nani huko, mrembo?" mgeni akamuuliza.

Keila ana maneno mawili tu. La kwanza ni maziwa.